Ukungu wa Namsifu

Ketini, wapendwa. Wale wanaozima simu, zimeni taratibu, sina haraka. Leo sitapaza sauti. Najua masikio yenu yamechoka na kelele za wiki nzima, na mimi koo limechoka vilevile. Nataka niwasimulie habari ya mume na mke, nanyi mnisikilize kama watoto wanavyomsikiliza bibi yao jikoni, moto ukiwaka na kope zikianza kuwa nzito. Ukisinzia sitakulaumu. Ila usikorome.

Kulikuwa na mume mmoja na mkewe waliokaa juu milimani, upande ule ambako tangawizi hustawi na ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Ukiamka asubuhi unaukuta umeshaketi jikoni kama ndugu wa familia. Unafungua dirisha, huoni mgomba wako mwenyewe, unasikia tu matone yakidondoka kwenye majani yake. Halafu jua linapanda, ukungu unajikusanya polepole, unapanda mlima na kuondoka, na kila kitu kinabaki kimeoshwa.

Mume tumwite Senkondo, na mke tumwite Namsifu. Wao kwa wao waliitana Baba Nakijwa na Mama Nakijwa, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, mjini.

Nataka mjue mapema kwamba Senkondo alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, na nyumbani kwake hakukukosekana sukari wala mafuta ya taa. Kanisani alikuwa mzee wa usharika, anasoma matangazo kwa sauti nzuri. Angekuwa mlevi, mfano huu ungekuwa mwepisi sana kwenu. Mngegeuka kumtazama jirani na kusema, leo mchungaji amempata fulani. Hapana. Senkondo alikuwa mtu kama wewe.

Kazi yake ilikuwa kukusanya tangawizi kwa wakulima na kuitafutia lori la kuishusha mjini. Kwa hiyo alikuwa na simu mbili. Moja ya kupiga na kupokea, nyingine ya makundi: kundi la wakulima, kundi la madereva, kundi la wanunuzi, kundi la wazee wa kanisa, kundi la ukoo. Akila, simu iko kando ya sahani. Akitembea, simu iko mkononi. Na akiomba, maana alikuwa mtu wa kuomba, simu ilikuwa imelala kifudifudi mezani, na ikitetemeka, maombi nayo yalianza kukimbia. "Baba asante kwa siku hii, utulinde, utubariki, utuongoze, amina." Maneno yaleyale, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayepiga mhuri.

Sasa, Namsifu alianza kuona ukungu hauondoki.

Mwanzoni hakushangaa. Mtu wa milimani hashangai ukungu. Aliamka asubuhi, ukungu uko jikoni, akapika uji. Mchana akaenda shambani, ukungu uko shambani. Aliona migomba kama vivuli vinavyotembea. Aliona taa ya jirani ikiwa na duara jeupe pembeni yake, kama mwezi unaotaka kuleta mvua. Ilikuwa inapendeza, kwa kweli. Alijihisi kama mtu anayeishi ndani ya ndoto ambayo hakuna mtu anayempigia kelele aamke. Akamwambia mwanamke mmoja waliyekutana kisimani, "Ukungu wa mwaka huu mzito, haujanyanyuka tangu asubuhi."

Yule mwanamke akamtazama. "Ukungu gani, Mama Nakijwa? Mbona jua linachoma?"

Namsifu akacheka, akabeba ndoo yake, akarudi nyumbani akihesabu njia kwa nyayo. Moyoni alikuwa ameelewa.

Jioni ile akamwambia mumewe, "Baba Nakijwa, nadhani macho yangu yana shida."

Senkondo alikuwa anasoma ujumbe wa dereva. Akasema, "Mm."

"Naona ukungu tu."

"Mm. Utapungua."

Mnaona, wapendwa? Alijibu. Hakumnyamazia. Ukimuuliza kesho yake kama alizungumza na mke wake, angesema ndiyo, na angeapa. Nami nawauliza ninyi: ni mara ngapi wiki hii umesema "mm" na mtu akakuamini kwamba umesikia?

Basi Namsifu akabaki na ukungu wake peke yake. Akajifunza nyumba kwa vidole. Chumvi iko hapa, mwiko uko pale, mlango una ufa unaopitisha upepo. Hadi asubuhi moja alipokuwa anammiminia mumewe chai. Aliisikia ikitiririka, lakini haikutoa sauti ya kikombe. Ilikuwa inatiririka juu ya mkono wa Senkondo.

Akaruka. "Mama Nakijwa! Kwani huoni?"

Naye akajibu, birika bado liko mkononi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sioni."

Senkondo akanyanyua uso. Huenda ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kumtazama mkewe machoni. Akaona katikati ya kila jicho kuna weupe, kama maziwa yaliyodondoka kwenye maji. Simu ikatetemeka mezani na hakuigusa.

Walishuka hospitali. Daktari akamulika, akasema, "Mama, huu ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Unatibika. Lakini hapa hatuna wa kukufanyia upasuaji. Wataalamu wa macho watakuja kwa kambi yao baada ya masika. Vumilia hadi hapo."

Masika ndiyo kwanza yalikuwa yananyemelea. Kwa hiyo ilibidi Namsifu aupite msimu mzima wa mvua akiwa gizani. Giza jeupe, lakini giza.

Alichoomba kwa mumewe kilikuwa kidogo. "Jioni mvua ikikatika, unitembeze kando ya mfereji. Nikikaa ndani mchana kutwa nasahau kama dunia bado ipo."

Senkondo akakubali. Akamshika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akashika simu. Wakaenda kando ya mfereji, ule mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka msituni juu. Maji yalikuwa yamejaa, yanasema peke yake.

"Tuko wapi?" Namsifu akauliza.

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu, huku kwenye mfereji."

"Kuna nini?"

Senkondo akanyanyua macho nusu, akayashusha. "Hakuna kitu."

Hakuna kitu! Wapendwa, mtu amesimama katikati ya milima ya Mungu, mvua imetoka kunyesha, msitu unatoa moshi wa mvuke, maji yanapita miguuni pake, anaulizwa kuna nini, anajibu hakuna kitu. Na hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyoona.

Hatua chache mbele, ukingo wa mfereji ulikuwa umemomonyoka. Senkondo alikuwa anaandika. Namsifu akakanyaga hewa, akaanguka ndani ya maji, goti likagonga jiwe.

Senkondo akamtoa, analowa na yeye. "Nisamehe. Nisamehe, mke wangu. Sikuona."

Namsifu alikaa kwenye majani, akakamua khanga yake. Hakulia wala hakufoka. Akasema, "Mmoja wetu inabidi aone, Baba Nakijwa. Mimi siwezi. Niazime macho yako."

Maneno hayo yalimwingia. Kesho yake jioni aliziacha simu zote mbili kabatini, akatoka naye mikono mitupu, hajui aiweke wapi mikono yenyewe.

Sasa msifikiri aliweza mara moja. Kutazama ni kazi. Mtu aliyezoea kupitisha macho juu juu, akiambiwa atazame, anachoka kama mtu anayelima. Jioni ya kwanza alisema, "Kuna mti."

"Mti gani?"

"Mti tu. Mkubwa."

"Una maua?"

"Subiri." Akasogea. "Una maua. Madogo, meupe. Sikujua kama unatoa maua."

"Una nyuki?"

Akasogea tena, akainua uso. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Umejaa. Mti wote unavuma."

"Ndiyo nilikuwa nausikia," akasema Namsifu. "Nilidhani ni kichwa changu."

Siku zikapita hivyo, mvua ikinyesha asubuhi na kukatika alasiri. Senkondo akawa anamsomea mkewe dunia. Alimwambia jinsi ukungu unavyoshuka bondeni kama maziwa yanayomiminwa na mtu asiyetaka kumwaga. Alimwambia kuhusu ndege mdogo, chozi, mwenye kifua chekundu, anayening'inia kwenye ua la mgomba kichwa chini miguu juu. Alimwambia kuhusu mbega wawili waliokaa juu ya tawi na mikia yao myeupe ikining'inia, wamekaa tu, hawafanyi lolote, kama wazee waliostaafu. Namsifu akacheka hadi akashika ubavu. Senkondo akashangaa. Alikuwa amesahau jinsi mke wake anavyocheka.

Nyakati nyingine alikuwa hana neno. "Rangi ya mbingu hii siijui jina lake," alisema siku moja.

"Inafanana na nini?"

Akafikiri muda mrefu. "Ndani ya ganda la ndizi mbivu. Pale linapokutana na ndizi."

Namsifu akafumba macho yake yasiyoona, akaiona.

Na siku moja asubuhi, Senkondo alipoomba kabla ya uji, kulitokea jambo la ajabu. Alianza kama kawaida, "Baba asante kwa siku hii," halafu akakwama. Kimya. Namsifu akadhani ameitwa nje. Kisha akasikia sauti ya mumewe, imebadilika kabisa, inasema, "Asante kwa yule ndege. Asante kwa ule mti wenye nyuki. Asante kwa mke wangu alivyocheka jana." Hakufika kwenye utulinde na utubariki. Uji ukapoa kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Nisikilizeni hapa, maana mnaweza kudhani kutazama ni starehe ya watu wasio na kazi. Jirani yao wa ng'ambo ya bonde alikuwa Mzee Kajiru, mjane wa miaka mingi, anayeishi peke yake. Kila asubuhi Namsifu alikuwa anamuuliza mumewe, "Moshi wa kwa Mzee Kajiru unaelekea wapi?" Hivyo ndivyo alivyokuwa anajua upepo unatoka upande gani, kama kutakuwa na mvua.

Asubuhi moja Senkondo akatazama, akasema, "Leo hakuna moshi."

"Tazama tena. Labda ni ukungu."

"Ukungu umeshanyanyuka. Naona paa lote. Hakuna moshi, na kuku wake bado wamefungiwa, nawasikia."

Namsifu akaweka kikombe chini. "Mzee Kajiru haamki baada ya jua. Twende."

Wakashuka bondeni na kupanda ng'ambo, mume akimwongoza mkewe kwenye utelezi, jiwe kwa jiwe. Wakagonga. Kimya. Senkondo akasukuma mlango, wakamkuta mzee sakafuni kando ya kitanda, mwili unawaka moto, midomo imekauka, anamwita mke wake aliyefariki zamani. Namsifu akakaa chini, akapapasa hadi akakipata kichwa cha mzee, akakiweka mapajani, akamlowanishia midomo kwa ncha ya khanga. Senkondo, simu zake zikiwa zimebaki nyumbani, akakimbia kuazima simu kwa kijana wa jirani, akampigia dereva wake mmoja, na kabla ya mchana mzee alikuwa hospitali. Vichomi, daktari alisema. Na alisema kwamba angekaa pale sakafuni hadi jioni, wangekuja kumzika.

Kwa hiyo simu nayo ilifanya kazi ya Mungu siku ile, msije mkasema mchungaji anachukia simu. Lakini haikuwa simu iliyomwona Mzee Kajiru. Katika makundi yote yale hakuna aliyeandika kwamba Mzee Kajiru hana moshi. Aliyeona ni mtu aliyeulizwa na mtu kipofu, "Kuna nini leo?"

Masika yakaisha. Wataalamu wakaja. Walianza na jicho la kulia, wakalifunga, na kesho yake nesi akafungua bandeji taratibu, Senkondo akiwa amesimama mbele ya kitanda, ameshika kofia yake mikononi kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

Namsifu akapepesa. Akatazama. Machozi yakatoka.

"Unaniona?" Senkondo akauliza.

"Nakuona."

"Unaona nini?"

"Umezeeka, Baba Nakijwa." Akacheka huku analia. "Nani alikuzeesha mimi sipo?"

Nesi naye akacheka, wodi nzima ikacheka. Baadaye wakamaliza na jicho la kushoto, wakarudi nyumbani kwa shangwe. Kanisani wakatoa sadaka ya shukrani. Watu wakaimba, wakala pilau. Mzee Kajiru alikuja na fimbo yake, akacheza kidogo.

Hapa ndipo mfano ungeishia kama ningekuwa nimekuja kuwapa raha tu. Ningesema Bwana asifiwe, tungesimama kuimba. Lakini subirini.

Wiki ya kwanza walitembea pamoja kando ya mfereji, Namsifu akionyesha kwa kidole kila alichokuwa amesimuliwa. "Kumbe huu ndio ule mti! Kumbe pale ndipo mbega wanapokaa!" Wiki iliyofuata Senkondo alitoka na simu moja tu, mfukoni, kwa sababu bei ya tangawizi ilikuwa inapanda. Baadaye mvua za huko chini tambarare zikaharibu barabara, magari yakakwama, madereva wakawa wanapiga mfululizo. Halafu kundi la wazee wa kanisa likapata mgogoro wa paa. Hakukuwa na siku hata moja ambayo Senkondo aliamua kumwacha mke wake. Hakuna mtu anayeamua hivyo. Ni kwamba kila jioni kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Namsifu akawa anatembea peke yake. Anaweza sasa, ana macho. Akirudi anasema, "Leo kule juu mawingu yamekaa vizuri."

"Mm."

Jioni moja wakiwa wanakula, akamwambia, "Baba Nakijwa, niambie basi. Leo njiani uliona nini?"

Senkondo hakuwa amekasirika. Alikuwa anaandika, akasema kwa upole kabisa, "Sasa nikuambie nini, Mama Nakijwa? Si unaona mwenyewe?"

Namsifu hakuuliza tena.

Siku chache baadaye, Senkondo alirudi nyumbani jua likiwa linateremka. Alikuwa anaongea na simu tangu njia kuu. Akafika uani, akanyanyua kichwa, akasimama. Mkewe alikuwa amekaa kibarazani kwenye kigoda, mikono mapajani, ametulia kama sanamu. Na alikuwa amejifunga kitambaa machoni.

Simu ilikuwa bado inaongea sikioni. Akaikata. Akamkimbilia, akapiga magoti.

"Mama Nakijwa! Yamerudi? Macho yameanza tena? Mbona hukuniita?"

"Hayajarudi," akasema. "Macho yangu mazima. Nesi alisema hata uzi wa sindano nitapitisha."

"Sasa kitambaa cha nini?"

Upepo ukapita kwenye migomba.

"Nilipokuwa sioni ulikuwa unakuja kukaa hapa," akasema. "Ulikuwa unaniambia kila kitu. Sikuyapenda yale maua, Baba Nakijwa, maua nimeyaona tangu utoto. Nilikuwa nakupenda wewe unavyoyatafuta kwa ajili yangu. Tangu nipone hujaniambia kitu. Leo nikajisemea, labda akinikuta gizani atarudi."

Senkondo akanyoosha mkono akifungue kile kitambaa. Namsifu akamshika mkono.

"Usifungue kwanza. Kaa. Niambie kuna nini."

Akakaa chini, kwenye udongo, nguo yake nzuri ya safari ikachafuka. Akatazama bondeni. Akatazama migomba. Alitafuta ndege, alitafuta mawingu, na yote yalikuwepo, lakini macho yake yalikataa kwenda kule. Yaligeuka yakamtazama mkewe. Na hapo akatambua kwamba katika msimu ule wote wa mvua alimsimulia milima, miti, mbega na moshi wa jirani, na hakuwahi kumsimulia yeye.

Akasema, "Namwona mwanamke. Amekaa kibarazani kwangu. Nywele zake zina mvi hapa juu ya sikio, ni mvi mpya, sikujua zilianza lini. Mikono yake ina alama ya jivu. Amechoka. Amefunga kitambaa cha bluu machoni, na kitambaa..." Akasogea karibu. "Kitambaa kimelowa hapa chini."

Wapendwa, mfano wangu umeishia hapo. Msiniulize kama alikifungua.

Sasa niseme na sisi.

Sisi tunafikiri tatizo letu ni kwamba tuna mambo mengi. Senkondo alikuwa na mambo mengi hata wakati wa masika, tangawizi ilikuwa ileile na magari yalikuwa yaleyale. Tatizo letu ni kwamba tunapopona tunanyamaza. Wako humu ndani watu waliolala sakafuni kwenye kanisa hili, mtoto akiwa hospitali, wakamwambia Mungu kila kitu. Walimwambia rangi ya midomo ya mtoto. Walimwambia hofu ambayo hawakumwambia hata mke wala mume. Mtoto akapona, na Mungu hajasikia tena lolote kutoka kwao isipokuwa ule mhuri: utulinde, utubariki, utuongoze, amina.

Nami nimeulizwa mara nyingi, na vijana hasa, wasomi wetu, wanaponitembelea ofisini. "Mchungaji, kwa nini tuombe? Mungu si anajua kila kitu? Si anaona mwenyewe?"

Mnasikia hilo swali lilivyo? Ndilo jibu alilopewa Namsifu mezani. Ni kweli, Mungu anaona mwenyewe. Aliyeumba nyuki hahitaji nimwambie kwamba mti umejaa nyuki. Hahitaji taarifa yangu ya habari. Anamtaka yule anayetoa taarifa. Anataka nije nikae kibarazani, nguo ichafuke kidogo, nimwambie leo nimeona nini, nimeogopa nini, nani hakuwasha moto, nani alicheka. Na siwezi kumwambia nilichoona kama sikutazama. Ndiyo maana mtu asiyeangalia hawezi kuomba. Ana maneno, lakini hana la kusema.

Wapendwa, Mungu hajatufunga macho. Ametufungua. Hatuhitaji kungoja giza lingine ndipo tuanze kuzungumza naye, wala kungoja hadi aliye nyumbani mwetu ajifunge kitambaa. Yuko mtu uliyemwambia leo asubuhi "mm." Unamjua. Wengine mmekaa naye benchi moja.

Kwa kawaida hapa huwa nawaambia tufumbe macho tuombe. Leo hapana. Geuka umtazame aliye kando yako. Mtazame vizuri, usiharakishe, usicheke kwa aibu. Tazama uso wake, tazama mikono yake. Tafuta kitu kimoja ambacho hukukijua ulipoketi.

Ukishakiona, anza kumwambia Mungu.